Tathmini ya mfugaji anayemchunguza mbwa mzee kabla ya kukukabidhi mtoto wa mbwa

Wafugaji wengi wanaouza watoto wa mbwa hufungua mazungumzo kwa kumuuliza mnunuzi anataka dume au jike, anapenda rangi gani, na atakuja lini kumchukua. Mfugaji ninayemwandikia tathmini hii alianza kwa kutaka habari za mbwa ambaye tayari tunaishi naye, na hakukubali kutuonyesha hata mtoto mmoja mpaka habari hizo zilipomtosheleza. Huduma yake inahusu nyumba ambazo tayari zina mbwa aliyekomaa au aliyezeeka: yeye huchagua, pamoja na mwenye mbwa, mtoto anayefaa kuishi na huyo mwenyeji, husimamia mkutano wao wa kwanza, kisha hufuatilia hali yao kwa muda baada ya mtoto kuhamia. Nimeridhika naye kwa sehemu kubwa, ingawa yapo mambo ambayo ningependa ayarekebishe. Utaratibu wake wa kuanza na mbwa mzee ndio unaostahili kuigwa na kila anayefanya kazi hii, kwa sababu mtoto wa mbwa huweza kuzoea karibu nyumba yoyote yenye upendo na utulivu, ilhali mbwa mzee ndiye anayeingiliwa makazi yake, usingizi wake, bakuli lake na watu wake bila kuulizwa.

Mbwa wetu, Malkia, ni jike wa miaka 10, wa umbo la wastani, mpole kwa watu lakini asiyependa kuguswa akiwa amelala. Hojaji tuliyojaza kumhusu ilikuwa ndefu, na kila swali lilikuwa na sababu yake. Tuliulizwa analala wapi na kama huamka kwa urahisi, hula peke yake au mbele ya watu, hufanya nini mtu akipita karibu naye wakati anatafuna mfupa, na husimama vipi anapokutana na mbwa mgeni njiani. Tuliulizwa pia kama bado hupanda ngazi bila kusita na kama husikia akiitwa kutoka nyuma. Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo ambayo wengi hatuyafikirii. Mbwa aliyepungukiwa kusikia hushtuka anapoguswa usingizini, na mbwa anayeshtuka anaweza kuuma kabla hajatambua ni nani aliyemgusa. Mwenye ukungu machoni hushindwa kusoma ishara za mwili za mwenzake, na ishara hizo ndizo lugha kuu ya mbwa.

Baada ya hojaji, mfugaji alidai taarifa ya daktari wa mifugo ya hivi karibuni. Mwanzoni takwa hilo lilionekana kuwa usumbufu, kisha likawa na manufaa makubwa kuliko tulivyotazamia, kwa kuwa daktari aligundua kwamba viungo vya nyonga vya Malkia vilikuwa vimeanza kukakamaa. Maumivu ni chanzo cha ukali mwingi ambao watu huuita hasira za uzee, na mtoto wa mbwa, ambaye hucheza kwa kuruka na kugonga kwa mwili mzima, huyagusa maumivu hayo mara nyingi kwa siku. Mfugaji alituomba tusubiri mpaka matibabu yaanze kuonyesha nafuu, akaacha mtoto mmoja ambaye angeweza kutuuzia siku hiyo hiyo aende kwa mtu mwingine. Anayefanya biashara kwa namna hiyo anamjali mnyama, na mimi nampa heshima yake.

Jambo jingine alilolieleza vizuri ni kwamba uzee wa mbwa hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Mbwa wa aina yenye umbo kubwa sana huanza kuzeeka akiwa na miaka 6 hivi, wakati mdogo wa umbo aliyetunzwa vizuri anaweza kuwa bado mchangamfu akiwa na 10. Wako pia mbwa wazee ambao akili zimeanza kupungua: hupotea ndani ya nyumba waliyoizoea, hulala mchana kutwa na kuzunguka usiku, husahau mahali pa kujisaidia. Kwa mbwa wa namna hiyo, mfugaji huyu humshauri mwenye mbwa asilete mtoto kabisa, na hojaji yake inasema wazi kwamba mbwa aliyewahi kumjeruhi mwenzake hapokelewi katika huduma. Wapo wanaoamini kwamba mtoto wa mbwa humrudishia mzee ujana wake. Hilo huwapata baadhi, hasa wale ambao bado wana nguvu na hamu ya kucheza. Mbwa aliyechoka huongezewa uchovu tu.

Uamuzi kuhusu jinsia ulikuwa mwepesi. Dume na jike kwa kawaida hukaa pamoja kwa amani zaidi kuliko wawili wa jinsia moja, na ugomvi wa majike wawili wa nyumba moja ndio unaojulikana kuwa mkali na mgumu kuusuluhisha. Kwa kuwa Malkia ni jike aliyefungwa kizazi, tulielekezwa kwenye madume. Kuhusu umbo, tulipewa makadirio ya uzito wa mtoto atakapokomaa kwa kuangalia wazazi wote wawili, na tukashauriwa tusimchukue atakayemzidi Malkia kwa mbali, kwa sababu mchezo ambao leo ni wa kilo 4 unaweza kuwa wa kilo 40 kabla mzee hajafunga miaka yake 12.

Kulikuwa na madume matatu katika uzao huo. Mfugaji alikuwa amewafanyia jaribio la tabia lililotungwa na wakufunzi wa mbwa Jack na Wendy Volhard, ambalo hufanywa mtoto akiwa na siku 49, na mtu asiyemfahamu, mahali asipopazoea. Mtoto huitwa aone kama atakuja, hulazwa chali kwa muda mfupi, hunyanyuliwa, hutupiwa karatasi iliyofinyangwa, husikilizishwa kishindo, huvutiwa kitambaa kwa kamba na kufunguliwa mwavuli mbele yake. Alama huandikwa, na karatasi ya matokeo hutolewa kwa mnunuzi. Nilifurahi kuiona, lakini sikubaliani na uzito ambao mfugaji anaiwekea. Alama za mtoto wa wiki saba hutabiri kidogo sana tabia ya mbwa atakapokuwa mtu mzima. Huonyesha alivyokuwa asubuhi ile, pengine akiwa amechoka au ana njaa. Haziwezi kueleza lile ambalo nyumba kama yetu ilihitaji kulijua: je, mtoto huyu akiambiwa basi na mbwa mkubwa, anasikia?

Jibu lilipatikana bandani, na hapa ndipo huduma hii ilipong'aa. Watoto hulelewa pamoja na mama yao na jike mwingine mzee asiye na uhusiano nao, na mnunuzi huruhusiwa kukaa pembeni na kutazama kwa muda anaoutaka. Mama alikuwa ameshaanza kuchoka kunyonyesha. Alipolala ubavu, dume mwenye baka la kahawia usoni alimvamia. Mama akakenua meno upande mmoja wa mdomo bila kutoa sauti. Mtoto akaendelea kuruka na kung'ang'ania. Mama akanguruma kwa kifupi. Mtoto akabweka usoni pake na kurudi tena. Dume wa pili, mwenye miguu myeupe, alifika karibu, akaona midomo ya mama imekaza, akaketi. Akageuza kichwa pembeni, akasubiri kidogo, kisha akatambaa na kumlamba kwenye pembe ya mdomo. Mama akalegeza midomo, akamwacha alale ubavuni pake.

Wanangu walikwisha kumpenda mwenye baka, kwa kuwa ndiye aliyewakimbilia. Mfugaji aliwaeleza kwa upole kwamba yule atapata nyumba yenye vijana na nafasi kubwa, pengine yenye mbwa wa miaka mitatu anayependa mieleka, na kwamba atakuwa mbwa mzuri huko. Hakuwa na kosa lolote. Hakufaa tu kwa jike wa miaka 10 mwenye nyonga zinazouma. Ningependa kila mnunuzi aelezwe hivyo, kwa sababu mtoto anayewahi kumkimbilia mgeni ndiye huchaguliwa kila mara, na watu humwita mwenye upendo kuliko wengine, wakati mara nyingi yeye ndiye mwenye msukumo mwingi na breki chache.

Kuhusu umri wa kuondoka, mfugaji hatoi mtoto yeyote kabla ya wiki 8 kamili. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wauzaji wanaowatoa wakiwa na wiki tano, mara tu wanapoanza kula chakula kigumu. Mtoto anayeondolewa mapema hivyo hukosa mafunzo ambayo binadamu hawezi kumpa: kupima nguvu ya kuuma kwake kwa kilio cha ndugu zake, na kutambua uso wa mbwa mkubwa aliyechukia. Kazi ya watafiti wa tabia za mbwa John Paul Scott na John Fuller, iliyochapishwa mwaka 1965, ndiyo iliyoweka bayana kwamba kipindi cha kati ya takriban wiki ya tatu na ya kumi na mbili huamua kwa kiasi kikubwa mbwa atawachukuliaje watu na mbwa wenzake maisha yake yote. Wiki tano za mwanzo za kipindi hicho zinamilikiwa na mfugaji, na zilizobaki zinamilikiwa na mnunuzi. Kwa hiyo ni haki kumuuliza mfugaji alizitumiaje zake. Huyu alikuwa na majibu kamili, tangu sauti za vyombo mpaka watoto kushikwa na watu wa rika mbalimbali.

Karatasi za afya zilikuwa timamu. Dawa ya minyoo ilianza wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili, jambo la lazima kwa kuwa watoto wa mbwa huweza kuambukizwa minyoo na mama yao hata kabla ya kuzaliwa. Chanjo ya kwanza ilikuwa imetolewa, na ratiba ya zilizobaki iliandikwa mpaka wiki ya 16, pamoja na maelezo ya kwa nini hurudiwa: kinga aliyoipata mtoto kwa mama huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye kwa kumtazama ni siku gani kinga hiyo itakwisha. Mfugaji alidai vilevile kuona cheti cha chanjo za Malkia. Virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara na kutapika kukali na vilivyojitokeza kwa mbwa mwaka 1978, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na mtoto asiyemaliza chanjo ndiye huvamiwa.

Kwa sababu hiyo hiyo mkutano wa kwanza haukufanyika bustani ya watu wote wala nyumbani kwetu. Ulifanyika katika ua uliozungushiwa, unaotumiwa na mbwa waliochanjwa tu, ambao Malkia hakuwahi kuufika na hivyo hakuwa na sababu ya kuulinda. Mimi nilimshika Malkia kwa kamba iliyolegea, mfugaji akamshika mtoto, tukatembea upande mmoja tukiwa mbali kidogo, bila kuwaelekeza wakutane uso kwa uso. Tulipokaribiana, Malkia alimnusa mtoto nyuma, mtoto akainama na kujaribu kumlamba mdomo. Malkia aligeuza uso, akaondoka. Nilidhani mambo yameharibika. Mfugaji akanionyesha nimtazame mtoto: alimfuata hatua chache, akaona mgongo, akaketi na kuanza kunusa majani. Alichotaka kukijua, alisema, ni kama mtoto atamruhusu mzee aondoke.

Kwa ombi letu alimleta pia yule mwenye baka, ili tuuone wenyewe utofauti. Malkia alipogeuka kuondoka, yule alimdaka mkia. Malkia akasimama ghafla kama gogo, akafunga mdomo uliokuwa wazi, weupe wa macho ukaonekana pembeni. Hakunguruma, na mtu asiyejua angesema ametulia. Mfugaji alimnyanyua mtoto papo hapo. Somo lile la kumtambua mbwa aliyekakamaa kabla hajatoa sauti limetufaa nyumbani kuliko karatasi zote tulizopewa.

Sasa nizieleze kasoro, maana zipo. Mwongozo uliochapishwa, ambao mnunuzi hupewa pamoja na kitambaa chenye harufu ya mama na chakula kidogo cha kuanzia, una sentensi inayosema mbwa mzee aachwe amfundishe mtoto adabu. Katika mazungumzo, mfugaji huieleza sentensi hiyo kwa uangalifu. Kwenye karatasi imeachwa tupu, na anayeisoma peke yake atapotoka. Kuna onyo la haraka, la mlio mmoja au kukenua meno, linalokoma mara mtoto anaporudi nyuma. Hilo ni halali na lina manufaa. Kuna pia mzee anayemfuata mtoto aliyekwisha kukimbia, anayemkandamiza chini na kutomwachilia, au anayemzuia kwenye mlango asipite. Hapo hakuna fundisho, na mtoto huweza kukua akiwaogopa mbwa wote. Tena wako wazee wapole ambao hawaonyi kamwe. Hubanwa kwenye kona, huumwa masikio kwa meno yale madogo makali kama sindano, wakavumilia mpaka siku wasipoweza. Mbwa wa namna hiyo anamtegemea mtu anayemfuga aingilie kati mapema, na mwongozo haumtaji popote.

Ningependa pia mwongozo uandike kwa herufi kubwa kwamba mbwa mzee asiadhibiwe kwa kunguruma. Mngurumo ni taarifa. Mbwa anayekaripiwa kila anapotoa taarifa hujifunza kuinyamazia, na siku akifika mwisho wa uvumilivu huuma bila kutangulia kusema.

Kasoro ya pili ni urefu wa ufuatiliaji. Mfugaji hupiga simu mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, hujibu maswali kwa subira, kisha huduma hukoma wakati mtoto anapomaliza kubadilisha meno, yaani akiwa na umri wa miezi saba hivi. Huo ndio wakati ambao nyumba nyingi huanza kuhitaji msaada. Mbwa wazee wengi humvumilia mtoto mchanga mambo ambayo hawatamvumilia kijana, na dume anayebalehe hujaribu mipaka ambayo juzi aliiheshimu. Mahusiano huendelea kubadilika mpaka kijana anapokomaa kitabia, kati ya mwaka mmoja na mitatu, na katika muda huo huo mzee anazidi kudhoofika. Simu mbili au tatu zaidi katika kipindi hicho zingeipa huduma hii thamani kubwa sana.

Ya tatu ni fupi lakini imenikera: mfugaji hutoa punguzo kwa anayechukua ndugu wawili kwa pamoja, hata kama nyumbani kuna mbwa mzee. Watoto wawili wa uzao mmoja huweza kushikamana wao kwa wao kiasi cha kutomsikiliza mtu, na mzee hujikuta mgeni katika nyumba yake. Huduma iliyojengwa juu ya kumlinda mzee haipaswi kuwa na punguzo hilo.

Nyumbani, maelekezo yake mengi yamefanya kazi. Tuliweka uzio mfupi wa ndani kabla mtoto hajafika, ili Malkia awe na upande ambao mtoto haingii kabisa. Hulishwa vyumba tofauti, na mabakuli huondolewa wakimaliza, kwa kuwa mtoto hula mara tatu au nne kwa siku na chakula chake chenye nguvu nyingi humnenepesha mzee, na unene ni adui wa viungo vinavyouma. Mifupa ya kutafuna hutolewa wakiwa wametenganishwa. Malkia ana matembezi yake peke yake kila siku, kwa mwendo wake, na mtoto ana mafunzo yake peke yake ili asijifunze kumfuata mbwa badala ya kumsikiliza mtu. Hawaachwi pamoja bila mtu, na mtoto hulala kwenye kizimba chake mlango ukiwa umefungwa. Mwenye miguu myeupe, tuliyemwita Bahati, bado humlamba Malkia mdomoni kila asubuhi, na Malkia siku hizi mara nyingine ndiye anayeanzisha mchezo, kwa kuinamisha kifua na kuinua nyuma, kisha huuacha anapochoka. Bahati huuacha naye.

Kwa mwenye mbwa mzee aliyeamua kuleta mtoto, naipendekeza huduma hii kwa moyo wote, mradi awe tayari kusubiri na kukubali kuambiwa hapana. Anayetaka mtoto wa mbwa wiki hii, au aliyekwisha kumchagua kwa picha, hataridhika nayo. Na kabla ya kutia saini asome kipengele cha kurudisha: kwa sasa mfugaji anakubali kumpokea mtoto iwapo hawakuelewana na mzee, lakini kwa mwaka wa kwanza tu. Mimi niliomba kipengele hicho kirefushwe kwa maandishi kifike miaka mitatu, naye alikubali bila ubishi, kwa hiyo hata mnunuzi mwingine ana sababu ya kukiomba.